Shati Lisilofuliwa

Kila asubuhi Wankyo aliifungua stoo ya jumba la sanaa pale Musoma kwa utaratibu uleule. Alivua viatu mlangoni, akafunga kitambaa puani, akawasha taa, kisha akasoma kipima unyevu ukutani kabla hajagusa chochote. Asubuhi hiyo aliwasha taa, akanyoosha shingo asome, na kitu kikapumua nyuma ya rafu ya chini.

Haikuwa pumzi ya mtu. Ilikuwa kama tairi linalotolewa upepo, ndefu, yenye hasira. Kisha akaona mkia mweusi ukijivuta taratibu kuingia ndani ya pamba.

Hakujua alitokaje. Alijikuta uani, peku, mlango ameshaufunga na ufunguo ameubana mpaka umemchora kiganja.

Hakuna aliyehitaji kuuliza nyoka alifuata nini. Kwa wiki kadhaa walikuwa wakiipanga upya stoo. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeanza kuzila picha, kwa hiyo waliziinua kutoka sakafuni, wakatenga vya mbao na vya nguo. Sponji za kuweka katikati ya kazi moja na nyingine hazikupatikana, basi Mama Judith, mkuu wa jumba, akaagiza pamba kwa ndugu zake Bunda. Ikaja kama ilivyochumwa, na mbegu zake. Kwa mtu aliyekulia kwenye pamba, hicho ndicho kitu laini kuliko vyote duniani. Wankyo, aliyesomea utunzaji wa kazi za sanaa chuoni, alisema kwa sauti ya kuomba radhi kwamba labda mbegu zingetolewa kwanza. Hakuna aliyemsikia. Panya wakanusa mbegu, nyoka akanusa panya.

Mama Judith aliwapigia simu watu wa wanyamapori. Wakasema gari lao liko upande wa Kibara, wategemewe jioni. Na lori la kupeleka kazi Butiama, kwenye chumba kikavu walichoazimwa, lilikuwa tayari limeshaondoka kuja.

Mzee Maige, mlinzi, alichungulia dirishani, akarudi nyuma haraka kuliko miguu yake ilivyozoea.

"Swila huyo," alisema. "Anatemaga sumu machoni. Lakini asiwasumbue. Sisi kwetu tunamfukizaga tu. Mavi ya ng'ombe makavu, pilipili kidogo, anatoka mwenyewe anakohoa."

Mama Judith akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamwambia akalete.

Hapo hofu ya Wankyo ilibadilika ikawa nyingine, mbaya zaidi. Ndani ya stoo ile, kwenye rafu ya nguo, kulikuwa na kazi ya Marieta wa Kibara: wavu wa dagaa uliotandazwa, na katikati yake limeshonewa shati la mumewe aliyezama. Marieta hakuwahi kulifua. Alipolikabidhi aliomba jambo moja tu, lisifuliwe. Kila akija Musoma sokoni alipitia pale, Wankyo akamshushia wavu, naye akafumba macho, akaweka pua kwenye kola. Hakulia. Alivuta pumzi, akashukuru, akaenda zake.

"Madam," Wankyo alianza, "labda moshi... huwa unakaa kwenye nguo."

"Tutazianika, mwanangu."

"Ndiyo, lakini kama ingewezekana..."

"Binti, nguo zangu zote zina moshi," Mzee Maige alidakia akirudi na kigae chake cha makaa, "na mke wangu hajanikimbia."

Mama Judith akacheka, kicheko cha mtu anayeogopa. Kigae kilifuka moshi mzito wa zizini, ule wa nyumbani kabisa, ambao siku nyingine ungempa Wankyo usingizi. Pilipili ikaanza kuwachoma koo wote watatu. Nje ya geti lori likapiga honi.

"Fungua, tumalize," Mama Judith alisema.

Wankyo alienda mlangoni. Alisikia, au alidhani amesikia, kitu kikitambaa juu ya makaratasi upande wa pili. Nywele zikamsimama. Alitaka kukimbilia barabarani. Badala yake aligeuka, akaubandika mgongo kwenye ule mlango, nyoka nyuma yake na moshi mbele yake, na machozi ambayo hakujua ni ya nini yakamtoka.

"Binti, pisha," Mzee Maige alisema, kwa upole.

Wankyo alitikisa kichwa. Sauti ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuitoa mbele ya watu.

"Sifungui, Madam. Shati la Marieta bado lina harufu ya mume wake. Moshi ukiingia humu, hatakuwa na pa kumnusa tena. Lori lirudi tupu. Tutawasubiri watu wa wanyamapori, hata kama ni mpaka jioni. Mimi naogopa kuliko ninyi wote, lakini moshi hauingii."