Mate ya Mzee Olais

Olais wa Endulen alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Resiato, na harusi ilikuwa imebakiza mwezi. Kwa Wamasai baba ndiye anayembariki binti anapotoka bomani. Anapiga funda la maziwa, anamtemea kichwani na kifuani, anamwombea ng'ombe na watoto kwa Enkai, Mungu wao, na watu wanaitikia "Naai". Ndivyo inavyofanywa, na binti asiyetemewa na baba yake anaondoka kama mtu aliyefukuzwa.

Shida ni kwamba fizi za Olais zilikuwa zinavuja damu. Miezi michache nyuma alimbariki kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda kwenye usaili wa jeshi, na maziwa yakamtoka mdomoni mekundumekundu, kama maji yaliyooshewa nyama. Kijana alirudishwa wiki hiyohiyo. Tangu hapo Olais akikohoa tu, watu wanasogea pembeni.

Mdogo wake wa mama mwingine, Supeet, alianza kumwonea huruma mbele za watu. Huruma ya Supeet naijua, ina meno. Alisema, "Kaka, siku hiyo wewe kaa unywe chai. Mimi nitatema. Mdomo wangu mzima."

Mimi nilikuwa nimelala kwa Olais wiki ya pili, natoka Mang'ola kwenye vitunguu, sijaamua niende Loliondo au nirudi nyumbani. Kwetu ni Mbulumbulu, ila miguu yangu haijapewa taarifa. Olais akaniambia nimpeleke Karatu kwa daktari wa meno, maana Kiswahili chake ni cha mnadani, kinajua bei tu. Akasema Supeet akimtemea binti yake, yeye atahamia kreta akaishi na nyani.

Tulipata lifti ya lori lililoshusha mahindi, linarudi tupu. Njia nzima mpaka geti la hifadhi pale Lodoare alikuwa anatafuna tumbaku na magadi, eti anaiaga.

Daktari alikuwa mama wa Kiiraqw, Selina, mikono mizito kama ya mtu aliyekulia kwenye kuvuna ngano. Alimwinamishia Olais kichwa kama watoto wa Kimasai wanavyowaamkia wazee, Olais akamgusa utosini, na nikaona hapa tutaelewana. Akamlaza kwenye kiti, akawasha taa, akachungulia muda mrefu. Kwenye pengo la chini, yale meno mawili ya mbele ambayo Wamasai wanang'olewa utotoni, akapita haraka. Halafu akasema hayo mawili ndiyo pekee ambayo hayaumwi.

Meno mengine yalikuwa na ukoga ulioganda kama chokaa, umejichimbia mpaka chini ya fizi, na fizi zimevimba na kuanza kuyaachia meno. Akauliza habari ya mswaki. Olais akasema alikuwa na kijiti chake tangu utoto, ila damu ilipoanza alikiacha, asije akaichokoza zaidi. Selina akaguna. Akasema damu ilikuwa inaomba mswaki, na yeye akaiadhibu kwa kuinyima. Na tumbaku je? Olais akajifanya hajui Kiswahili.

Akapigwa ganzi, mashine ikaanza kulia kama mbu aliyekasirika, ukoga ukawa unakatika vipandevipande. Kisha daktari akampa kikombe cha maji na kumwonyesha kibakuli pembeni ya kiti. "Sukutua, baba, halafu tema."

Olais akasukutua, akameza.

"Usimeze. Tema humo."

Akameza tena. Selina akanigeukia, nami nikamuuliza mzee kwa Kimasai changu kibovu ana nini. Akanijibu kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie, ingawa midomo ilikuwa imekufa ganzi na maneno yanateleza.

"Mate ya mzee hayatupwi. Mtu anatemewa, ng'ombe anatemewa. Hiki kibakuli kina watoto? Kina mifugo?"

Selina akasema mzee akiendelea kumeza uchafu huo, yeye daktari ataiacha kazi hapo katikati, upande mmoja safi na mwingine hivyohivyo. Akilini nikamwona Supeet na mdomo wake mzima. Nikamwambia Olais hicho kibakuli kinapokea damu ambayo ingemwangukia Resiato. Kinastahili baraka kuliko watu wengi ninaowajua.

Alifikiri. Halafu akajiinua, akakitemea kibakuli taratibu, kwa adabu zote.

"Enkai ikupe watoto."

Akanitazama, anangoja. Nikaitikia, "Naai."

"Ikupe ng'ombe wasiohesabika."

"Naai."

Ikawa hivyo kila alipotema, na alitema mara nyingi. Kibakuli kiliombewa mvua, majani, maisha marefu na wakwe wapole. Nje foleni ilikuwa inanung'unika. Kijana mmoja dereva wa watalii, shavu limevimba kama andazi, akachungulia mlangoni kuuliza kama humu ndani ni kliniki au ni ibada. Selina, macho hayatoki mdomoni mwa mgonjwa, akamwambia kama ana haraka aitikie na yeye. Basi akaitikia. Mpaka tunafika jino la mwisho, benchi lote la nje lilikuwa linasema "Naai", na bibi mmoja aliyeleta meno ya bandia alikuwa anaitikia kwa sauti kuliko wote.

Olais aliposhuka kwenye kiti akapitisha ulimi, uso ukabadilika. Akasema ameibiwa, palipokuwa na meno sasa kuna madirisha. Selina akamwonyesha vipande vyenyewe kwenye pamba, akamweleza kwamba huo ulikuwa uchafu umejaza nafasi, na kwamba meno yake ndiyo hayo, hajayaona siku nyingi tu. Akamwagiza maji ya chumvi, mswaki laini, arudi tena kabla ya harusi, na tumbaku asiiguse. Safari hii Kiswahili alikielewa, maana alitoa machozi.

Aliyafuata yote. Boma zima lilimkimbia kwa ukali wa mtu aliyenyimwa tumbaku.

Siku ya harusi Supeet alileta shuka jeupe pee, akamfunika Resiato mabegani, eti ni heshima ya baba mdogo. Kila mtu alijua shuka lile ni la kazi gani. Resiato mwenyewe alijua. Supeet akasimama karibu, kainama, macho kwenye kitambaa.

Olais akapiga funda, akatema.

Zamani maziwa yake yalitoka pengoni kwa mstari mmoja. Sasa yalipita kwenye pengo na kwenye madirisha yote, yakatoka kama mvua ya manyunyu. Yalimlowesha binti, bwana harusi, mashangazi wawili, na Supeet usoni, macho yote mawili. Yalikuwa meupe.

Shangazi mmoja akalishika shuka, akaligeuza huku na huku juani, akamrudishia Resiato begani. Resiato akaanza kulia, ila akamsogelea baba yake hatua moja zaidi. Na wale watu waliokuwa wakikwepa kikohozi cha Olais wakaanza kusukumana kuja mbele, wengine wamebeba watoto, mmoja amemvuta mbuzi.

Olais akaomba aongezewe maziwa.