Manyoya ya Jogoo wa Mnada

Katika Kathiani yote hakuna mwanamke aliyenasa samaki wa bahari wengi kama Nthambi. Haya, tusidanganyane: bahari yenyewe hakuwa ameiona, na samaki wa sahani alimla amefumba macho. Kazi yake ilikuwa kufunga nyuzi na manyoya kwenye ndoano mpaka zifanane na uduvi. Vyambo hivyo vilienda Athi River, kwenye karakana ya Rodgers, na kutoka hapo kwa wageni wanaovua Pwani wakiwa wamesimama baharini, maji yakiwafika magotini tu. Nthambi alicheka sana alipoelezwa hivyo. Mtu mzima aingie baharini, halafu akatae kulowa kiuno?

Lakini alitamani kuyaona maji hayo kwa macho yake. Mwaka huo, tisini na nane, Rodgers alitangaza kwamba atakayemfungia chambo bora cha kolekole, samaki mwenye hasira na nguvu za punda, atapata kiti kwenye gari lake la kwenda Pwani. Tangu siku hiyo Nthambi akawa anakanda unga huku akiwaza miguu yake ndani ya chumvi.

Shida ilikuwa manyoya. Ya karakana yalikuwa yamekauka kama ufagio. Marefu, mekundu, yanayocheza upepo ukipita, yalikuwa shingoni mwa jogoo wa shemeji na jirani yake Makau, mzee wa kanisa. Makau alimlisha jogoo huyo mahindi ya kuchagua ili amtoe kwenye mnada wa kanisa Jumapili. Mkewe mwenyewe alisema yeye hajawahi kuchaguliwa mahindi namna hiyo.

Basi Makau akaenda kwenye maombi, na aliporudi akamkuta jogoo ana shingo nusu tupu, kama aliyetoka kwa kinyozi mlevi. Nthambi alimpa pole. Akamweleza jinsi mwewe alivyoshuka, jinsi yeye alivyomfukuza kwa mwiko, na mwiko wenyewe akauonyesha. Makau akamshukuru, hata akamletea maembe. Nthambi akayala yote.

Ijumaa Rodgers alikuja kujaribu chambo. Alikata ncha ya ndoano isimdhuru mtu, akakifunga kwenye mshipi, akaurusha mbele na nyuma hewani, kisha akakiangusha kwenye nyasi polepole, maana katika maji mafupi samaki akisikia kishindo ameshakimbia. Akaanza kukivuta kidogo kidogo. Manyoya yakatetemeka kama kitu chenye roho. Jogoo akatoka mbio chini ya ghala, akakidaka, akakataa kukiachia, kama mtu aliyekutana na mali yake.

"Mama, kiti ni chako," Rodgers alisema huku akivutana na jogoo. "Lakini niko na oda kubwa. Hizi manyoya umetoa wapi?"

Nthambi alifungua mdomo aseme ukweli, au sehemu yake, ndipo akamwona Makau langoni, amekuja kufuata kelele za jogoo wake.

"Katangi," akasema. "Sokoni. Kuna duka huko."

Makau akaingia. Alimshika jogoo, akakitoa chambo mdomoni taratibu, akakilaza juu ya manyoya machache yaliyobaki shingoni, akalinganisha rangi. Kisha akamgeukia Nthambi.

"Shemeji," akasema, "kwani yule mwewe alifungua duka Katangi lini?"