Salfa Katika Chumba cha Mzazi

Mdogo wangu Muharami ni mtu wa mkono mwepesi. Tangu utotoni, jambo likimshinda kwa mdomo alilimaliza kwa ngumi, na marehemu mama yetu alikuwa akisema, mwacheni, akioa atatulia. Alioa. Hakutulia.

Mimi ni Faidha, dada yake mkubwa, muuza mitumba wa Masasi. Kipupwe kile nilipanda Mnyambe, kijijini kwao Newala, kwa sababu mkewe, Somoe, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, binti, wakamwita Shakila. Somoe hakuwa na mama wa kumlea uzazini, nikasema nitamlea mimi. Mtoto nilimletea blanketi. Muharami nilimletea koti zito lenye kofia ya manyoya, lililoshonwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji. Alilivaa kutwa. Majirani wakamwita Mzungu wa Mnyambe, naye akafurahi, maana hakujua kuwa wanamcheka.

Baridi ya Newala usiidharau kama hujailala. Ukungu unaingia mpaka ndani ya chungu. Na mwaka ule ilizidi, hata redio ikatangaza: upepo mkali wa kusi unakuja pamoja na baridi kali, wazee na watoto wachanga wakingwe, watu wajihadhari na moto. Jirani yetu Barnaba alikuja na redio yake mkononi ili tusikie wenyewe.

"Umesikia, Baba Shakila?" alisema. "Moto na upepo wakikutana hawaulizi mwenye nyumba."

"Nimesikia upepo," Muharami akajibu. "Maana yake wiki hii sipulizi salfa."

Hilo ndilo alilosikia yeye. Salfa ni ule unga wa njano tunaoupuliza kwa mashine kwenye maua ya mikorosho yasiliwe na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Baridi na ukungu ndivyo vinavyouleta ubwiri, lakini ukipuliza wakati wa upepo unampulizia jirani. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kikituletea salfa, tukilipa baada ya mauzo. Sasa soko lilikuwa huru, wanunuzi wanakuja na mizani zao, na salfa inapatikana dukani Newala kwa mwenye fedha mkononi. Muharami aliuza baiskeli na mbuzi wake wote, akanunua mifuko minne. Kwa kuwa mwaka uliotangulia wezi walimwingilia ghalani, aliiweka katika chumba pekee chenye kufuli, chumba alicholala mkewe na mtoto.

Na chumba cha mzazi mnakijua. Kuna makaa ya moto kwenye kigae chini ya kitanda, kutwa kucha, mpaka arobaini itimie.

Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, niliingia kubadilisha makaa nikakuta mifuko imesogezwa mpaka ubavuni mwa kitanda, mmoja umefunguliwa mdomo. Muharami alikuwa amechuchumaa hapo, anavunjavunja mabonge kwa vidole. Ukungu ulikuwa umeitia salfa unyevu, naye alitaka ipate joto ikauke.

"Muharami, salfa inashika moto."

"Iko mbali na moto."

"Mbali? Hapo katikati hata paka hapiti."

"Dada, shikamoo yako nilikupa asubuhi. Mikorosho usinifundishe."

Nikainama, nikaushika mfuko uliofunguliwa niuvute nje. Alinipiga kofi la sikio, mimi niliyembeba mgongoni, nikaona giza. Somoe akainuka kitandani, mtoto yuko kwenye ziwa. "Baba Shakila, huyo ni dada yako!" Muharami akamwinulia na yeye mkono, akaushusha kwa sababu mtoto alilia. Kisha akachomoa panga ukutani, akalipiga kwenye fremu ya mlango likanasa.

"Atakayegusa mfuko wangu nitamkata. Na sitazami ni nani."

"Basi toa makaa," Somoe akasema polepole.

"Redio imesema mtoto akingwe baridi. Au hamkusikia?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Katika maonyo yote yale alichagua hilo moja, akafunga na dirisha kwa kamba. Mimi nilitoka uani, sikio linavuma, nikaapa kwamba kesho yake napanda lori narudi Masasi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikushika hata mwiko.

Alasiri upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma. Kwanza mikorosho ya chini ikalala yote upande mmoja. Halafu ule mkubwa wa karibu na choo ukapasuka katikati, na bati la jirani likang'oka, likaruka juu ya ua na kumkata mbuzi wa Barnaba shingoni akiwa amefungwa kambani. Alikwenda hatua kadhaa bado anatembea. Nikawa namtazama huyo mbuzi, ndipo nikasikia dirisha la chumbani limevunjika kuingia ndani, na Somoe akapiga yowe moja tu.

Upepo ulikuwa umeuinua ule unga kwenye mfuko wazi na kuumwaga juu ya makaa.

Moto wa salfa ni wa bluu, mfupi, unatambaa chini taratibu. Kinachoua ni moshi wake. Mlango ulipofunguka moshi huo ulinipiga kifuani nikaanguka kwa magoti, macho yanamwagika, koo limeziba. Watu walikuja mbio na ndoo za maji waliyokuwa wameyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa, na hakuna aliyeweza kuvuka kizingiti.

Muharami akaja akikimbia kutoka shambani. Akavuta ile kofia ya manyoya usoni, akaingia.

Nikasema Alhamdulillahi. Nasema kweli, kofi lile nilimsamehe palepale. Nikawaambia wanawake waliokuwa wakilia wanyamaze, baba wa mtoto ameingia.

Akatoka. Begani alikuwa na mfuko wa salfa.

Aliuweka nyuma ya kinu, mahali upepo haufiki, akaupangusa cheche kwa mkono wa koti. Kisha akaanza kutapika.

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole nyumbani.

Nilichukua mchi nikazunguka nyuma. Ukuta wa udongo ukiupiga chini, penye unyevu, unakubali. Nilipiga na Barnaba akapiga kwa jembe, mafito yakaonekana, tukayavunja kwa miguu, moshi wa njano ukatoka kwenye tundu. Baada ya moshi ukatoka mkono. Baada ya mkono likatoka blanketi. Nilimpokea Shakila amekuwa kama mwiko wa mti, hana sauti. Nikamfyonza pua, nikatema, nikamchapa nyayo, nikamfyonza tena, mpaka akalia. Barnaba alimvuta Somoe kwa makwapa, ngozi ya viwiko ikabaki kwenye mafito. Macho yake yalikuwa yamevimba yakafunga, na mdomo umechubuka wote. Paa likaanguka nyuma ya visigino vyake.

Nilimpa mtu mtoto. Nikarudi mbele na mchi wangu, nikampiga Muharami begani kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Mfupa ulilia. Ningempiga na la pili kama Barnaba hakunikamata, na hata leo simshukuru.

Somoe alilazwa Masasi, kisha akaenda kwa baba yake hapohapo mjini. Jicho moja halikurudi. Sauti ilibaki mnong'ono. Muharami alifungwa bega kwa kitambaa, akapuliza hivyohivyo ule mfuko mmoja, na mikorosho michache aliyoipulizia ikachanua vizuri.

Arobaini ilipopita alikuja na wazee kumwomba mkewe. Alikaa mkekani, mkono mmoja ungali kwenye kitambaa, akaeleza huku akilia. Kulikuwa giza, alisema. Alipapasa chini, akagusa kitu kizito na laini, akadhani ni Somoe, akakitia begani. Alipojua ni mfuko alikuwa ameshatoka, na pumzi imekwisha. Mzee mmoja akafuta machozi. Baba yake Somoe akainamisha kichwa.

Nami nilimwamini. Nilitaka kumwamini. Tumenyonya ziwa moja, na kumwamini kulikuwa kwepesi kuliko kuwa na ndugu wa namna ile. Wazee wakanigeukia mimi, dada mtu, niombe msamaha kwa niaba yake. Nikafungua mdomo.

"Nilikushika mguu, Baba Shakila," Somoe akasema.

Ilibidi tuiname ili tumsikie. Mtoto alikuwa mapajani mwake, anacheza na ncha ya kanga.

"Nilitambaa mpaka kwako nikakushika mguu. Nikakuita. Ukanipiga teke."

"Si kweli," Muharami akasema. "Wazee wangu, ni moshi, ameota. Si kweli hata kidogo."

Lakini mkono wake mzima ulikuwa umeshashuka, unasugua kifundo cha mguu wa kulia, na Somoe hakuwa amesema ni mguu upi.

Nikafunga mdomo. Nikanyanyuka, nikaenda kukaa upande wa Somoe.