Grisi ya Elburgon

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, treni ya kubeba mbao ilisimama Elburgon kwa mara ya sita. Celestine Nabalayo aliisukuma kwa kidole kimoja. Ilijongea urefu wa njiti ya kiberiti, ikazimika taa ya mbele, ikasimama tena.

Elburgon hiyo ilikuwa na ukubwa wa trei mbili za chai. Ilikaa juu ya meza ndefu iliyozunguka kuta tatu za stoo moja nyuma ya kanisa, karibu na nyumba za reli mjini Nakuru. Mezani palikuwa na reli ndogo kutoka Nakuru hadi Molo, stesheni zake zote, na msitu wa Mau uliotengenezwa kwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Unga huo ulitoka Elburgon kwenyewe. Marehemu baba yake, aliyeianza kazi hii, hakukubali mwingine. Saa nane mchana wastaafu wa reli wangefika kuendesha treni kwa ratiba, kila mtu kwenye stesheni yake, kama walivyofanya walipokuwa kazini.

Nabalayo alifundisha umeme katika chuo cha ufundi, na aliwakataza wanafunzi wake kubahatisha. Anza palipo na umeme, aliwaambia, uufuate hadi pale usipokuwapo. Reli alikuwa amezifuta vumbi Jumatano. Injini aliijaribu upande wa Nakuru, ikakimbia vizuri. Aliingia chini ya meza, akavuta kila waya uliolehemewa, hakuna uliolegea. Kisha akairudisha treni Elburgon ili aitazame inavyokufa, mara ya saba, mara ya nane. Mara ya tisa haikufika hata huko. Ilianza kusitasita karibu na Njoro, mahali ambapo saa moja kabla ilipita bila shida.

Hilo lilimshtua. Hitilafu ya waya haitembei.

Alichukua mita. Kwenye reli ya kuingilia Elburgon ilisoma volti kumi na mbili. Kwenye pointi, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, ilisoma sifuri. Aliinama na tochi. Ndimi za pointi, vile vipande viwili vyembamba vinavyosogea ili kuielekeza treni, ziling'aa kwa weusi. Alizigusa, akanusa kidole.

Grisi.

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Mzee Oduor alikuwa amefungua stoo Alhamisi kwa ufunguo aliopewa na Nabalayo mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita Oduor alikuwa mtu wa pointi Elburgon. Kwenye reli kubwa, pointi isiyopakwa grisi hukwama, na pointi iliyokwama huangusha treni. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, alizipaka. Lakini katika reli ndogo umeme unaoendesha injini hupita kwenye reli zenyewe na kupanda kupitia magurudumu. Grisi huuzuia. Tena kila gurudumu lililopita pale liliibeba kidogo na kuisogeza mbali zaidi. Kwa majaribio yake tisa, Nabalayo mwenyewe alikuwa ameitandaza hadi Njoro.

Kusafisha hakukumtisha. Aliyemtisha ni Oduor. Mwezi wa pili mzee huyo aliruhusu treni mbili za mezani kuingia njia moja, zikakutana uso kwa uso kabla ya Molo. Thuo, dereva mstaafu asiyejua kufunga mdomo, alimwuliza mbele ya wote kama anapanga treni au anapanga harusi. Oduor alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya kilima cha Molo, akaenda zake. Kwa miezi miwili hakukanyaga pale, na hakuna aliyethubutu kuigusa kofia. Nabalayo alikwenda kwake mara tatu kumbembeleza hadi akarudi, ingawa kofia aliiacha pale pale. Huyo ndiye aliyemfundisha kusoma ratiba baada ya baba yake kufariki. Angeaibishwa tena, hangerudi.

Alipasua fulana kuukuu, akaichovya kwenye spiriti, akaanza na Elburgon. Alifuta reli, kisha magurudumu, mabehewa kumi na manne, moja baada ya jingine. Saa saba kasorobo treni ilipita hadi Molo bila kusita.

Ilibaki kazi ya daftari. Sheria ya baba yake ilikuwa kwamba kila hitilafu iandikwe saa, mahali, chanzo na mhusika, na isomwe kwa sauti kabla treni ya kwanza haijaondoka. Aliandika saa. Aliandika Elburgon. Kwenye chanzo kalamu ilisimama. Angeweza kuandika vumbi. Nani angebisha, na hii ni Nakuru, mji wa vumbi?

Mlango ulifunguliwa. Oduor aliingia mapema, kama kawaida yake, na kopo dogo lililofungwa kwa gazeti. Alikwenda moja kwa moja Elburgon, akapitisha kidole kwenye pointi.

"Nani amefuta pointi zangu?"

"Ni mimi, mzee."

"Zilikuwa kavu kama mfupa. Nikapaka. Wewe unafuta."

Nabalayo alitazama mlango. Thuo angeweza kufika wakati wowote. Akamwomba mzee apake grisi kidogo upande mmoja, kisha akamshikisha mita. Oduor alivaa miwani. Palipo safi alisoma kumi na mbili. Palipo na grisi alisoma sifuri. Akarudia. Kisha akauliza grisi imefika wapi. Nabalayo alimwambia: hadi Njoro, na aliyeifikisha huko ni yeye.

"Kwa hivyo hii kitu haitaki grisi kabisa?"

"Inataka mafuta, mzee, kwa ekseli za magurudumu. Tone moja, na ncha ya sindano."

"Tone moja," alisema Oduor, kama mtu aliyeambiwa amnyweshe ng'ombe kwa kijiko.

Alichukua kitambaa, akafuta mwenyewe. Alipomaliza aliliona daftari.

"Hapa kwa chanzo hujaandika."

"Nilikuwa nafikiria."

"Unafikiria nini? Kitabu hakifikiriwi, mwalimu. Kinaandikwa." Akanyoosha mkono apewe kalamu.

Saa nane wastaafu walikuwa wamesimama kwenye stesheni zao. Linah, aliyekuwa karani wa tiketi, alisoma kama desturi. Saa nne na nusu, Elburgon. Chanzo: grisi kwenye pointi. Mhusika: Oduor, mtu wa pointi. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: aliyeisambaza hadi Njoro, Nabalayo.

Nabalayo hakuinua macho.

"Miaka yote hiyo umestaafu," alisema Thuo, "na bado unapaka?"

"Wewe utajuaje?" Oduor alimjibu. "Wewe ulikuwa unapita tu."

Linah ndiye aliyecheka kwanza, na Thuo wa mwisho, lakini alicheka. Oduor alinyoosha mkono hadi kilima cha Molo, akachukua kofia yake, akaipangusa vumbi, akaivaa. Kisha akaweka pointi sawa.

Treni ya mbao iliingia Elburgon saa nane na dakika kumi na mbili. Ilikuwa imechelewa dakika mbili. Oduor akaziandika.