Ukucha wa Fundi

Shokapu ikivuja mara ya kwanza, lawama ni ya barabara. Ikivuja tena kabla wiki haijaisha, lawama haina pa kwenda ila kwa fundi. Ndiyo maana asubuhi ile, Fundi Ukucha alipoona pikipiki ya shemeji yake inakokotwa kuja gereji, bomba la shokapu la mbele kulia likimeremeta mafuta, alianza kutafuta wa kulaumu hata kabla ya salamu.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa akisambaza mikate madukani, na kazi yake yote ilikuwa milima na miteremko.

"Imerudia, shemeji," alisema huku akicheka. "Jana pale mteremko wa darajani nimekamata breki, breki ikanicheka. Nimesimamishwa na ukuta! Mikate imefika kabla yangu."

Fundi hakucheka. Mafuta ya shokapu yalikuwa yameshuka hadi kwenye diski na kulowesha pedi za breki. Breki ya namna hiyo ni breki ya kuchora tu, haishiki kitu.

"Ni huu mpira wa kuzuia mafuta, sili," alisema haraka, haraka mno. "Siku hizi madukani wanauza feki."

"Basi nibadilishie nikimbie. Mkate haungoji mtu." Akavuka njia, akaenda kukaa kivulini upande wa pili.

Jina la Ukucha fundi hakujipa mwenyewe. Alipewa na waendesha pikipiki kwa namna yake ya kupima. Mafundi wengine hulitazama bomba wakasema limekwisha au bado. Yeye hufumba macho, akateremsha ukucha wa kidole cha shahada polepole toka juu hadi chini, huku akilizungusha bomba kidogo kidogo. Ukucha ukikwama, bomba halifai, hata umbembeleze fundi vipi. Ukipita, sili itashika. "Chanda chema huvikwa pete," walikuwa wakimtania, "chako tungekivika taji." Naye alikuwa akivimba kichwa, tusimfichie.

Alilichomoa bomba la kulia, akaanza kukagua. Springi ilikuwa nzima. Mdomo wa sili haukupasuka wala kukunjika; ilikuwa sili nzuri kabisa, na muuza vipuri wa watu alikuwa amesingiziwa bure. Akazigeukia bushi, zile pete zinazolishika bomba lisicheze, akaziinua kwenye mwanga. Bushi ikilika, rangi yake ya kijivu hutoka na shaba ikachungulia; hapo bomba hucheza, na hata sili mpya hailiwezi. Hizi zilikuwa bado zimevaa rangi pande zote. Basi macho yake hayakuwa yamemdanganya.

Lilibaki bomba lenyewe. Akafumba macho, akateremsha ukucha. Laini. Akarudia. Laini kama sahani iliyooshwa.

Hapo hofu ilimshika barabara, kwa sababu siku hizi kila bomba lilikuwa laini. Asubuhi ileile alikuwa ameshika sufuria ya chai bila kitambaa, akamimina vikombe vyote, mpaka mkewe akapiga kelele. Alijichekesha, akasema mikono ya fundi ni ngozi ya kiatu. Lakini alijua. Ncha za vidole zilianza na ganzi kama ya mtu aliyelalia mkono; akangoja ipite, isipite. Hakumwambia mtu. Wateja wanaochelewa kuleta pikipiki zinazovuja alikuwa akiwasuta kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nao wanaitikia, ndiyo fundi. Leo maneno yalikuwa yamemrudia mwenyewe, na hakuyapenda hata kidogo.

Angeweza kutia sili mpya na pedi mpya, akafunga, na habari ikaishia kwa muuza vipuri. Shemeji angeondoka akipiga mluzi. Kisha mafuta yangeshuka tena, na ukuta wa darajani haujahama.

Aliinuka, akaingia chumba cha pili, ambako mkewe alikuwa kwenye cherehani.

"Mama watoto, nipe kipande cha satini. Ile nyepesi kabisa."

"Cha nini?"

"Cha kufutia."

Mkewe alimtazama juu ya miwani. Satini ya kufutia mafuta! Akampa, kisha akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

Fundi akakizungusha kitambaa kwenye bomba, akakivuta taratibu. Kikapita, kikapita, kikakwama. Uzi mmoja ulikuwa umenaswa. Akalipeleka bomba mlangoni penye jua, akaligeuza mpaka akakiona: kishimo cha kutu, kidogo kuliko punje ya chumvi, palepale sili inapopita kila gurudumu likiruka. Akaweka ukucha juu yake, sasa akijua pa kutafuta. Akausogeza mbele, akaurudisha nyuma. Hakusikia kitu. Bomba hili alilipitisha yeye, kwa mkono huu huu. Na mangapi mengine mwezi huu?

"Kimekwama," alisema mkewe. Kumbe alimfuata, yuko nyuma yake. "Hata mimi nimeona kilivyokwama. Ukucha wako haukukisikia?"

"Kelele za njiani, mama watoto. Sijatulia."

"Tangu lini kidole kikawa na masikio? Nipe mkono."

"Acha mchezo. Mdogo wako ananingoja."

"Ndiyo maana nakuomba mkono. Anayeipanda hiyo ni mdogo wangu." Akachomoa pini kwenye ukosi wa blauzi yake. "Fumba macho, kama unavyowafanyia wateja."

Hakuwa na pa kukimbilia. Alifumba macho, akanyoosha kidole cha shahada, akajikaza kisabuni. Aliomba iume. Katika maisha yake hakuwahi kuomba kuumia, na sasa aliomba kwa nguvu zake zote, meno yameumana. Pikipiki ikapita njiani, kisha nyingine. Akaona anacheleweshwa makusudi.

"Haya, choma basi," alisema.

"Nimeshachoma."

Alifumbua macho. Tone la damu lilikuwa limesimama kwenye ncha ya kidole. Mkewe hakuwa akikitazama kidole. Alikuwa akimtazama yeye usoni.

"Tangu lini, baba watoto?"

"Tangu mwezi huu uanze."

"Na mimi nalala na wewe chumba kimoja!"

"Niliogopa," alisema fundi. "Nikikosa ukucha, mimi nani?"

"Fundi, bado?" shemeji aliita kutoka kivulini. "Mikate inaota ukungu!"

Fundi alikifunga kidole kwa kile kipande cha satini, akatoka nje.

"Haiondoki leo, shemeji. Sili haina kosa, kosa ni langu. Njoo, na uje na simu. Kuna wenzako niliowafungia shokapu mwezi huu. Waambie wasipande."