Mikia ya Kitenge

Swaumu alikuwa akigeuza maandazi huku mdomo haupumziki. Restuta, mwalimu wa chekechea, alikaa pembeni ya jiko akichana vipande vya kitenge.

"Yule Hilda si kaolewa Gulwe? Na dereva wa lori! Mwenye mke mwingine Mtera!"

"Wa Mtera ndiye mkubwa. Kuna wa Haneti pia."

"Weee! Na wewe ulikaa kimya siku zote hizi?"

Walicheka mpaka wateja wa chai wakageuka. Vile vipande vya kitenge vilikuwa mikia. Kila mtoto wa chekechea alikuwa akichomeka viwili kiunoni, kulia na kushoto, kisha wanacheza raga. Mwanzoni akina mama waligoma. Raga? Si ile ya majitu kuvunjana shingo? Restuta aliwaahidi mmoja mmoja kwamba hakuna mwili utakaogusa mwili. Mwenye mpira hakabwi, anavutwa mkia tu. Sheria moja aliitunga mwenyewe, maana mtoto wa miaka minne akinyang'anywa kitu chake hulia: ukivutwa mkia unakaa chini hapo hapo, kimya, mpaka aliyeuchukua akurudishie mkononi. Naima, binti wa Swaumu, aliishika sheria hiyo kuliko sala.

Uwanja ulikuwa kipande cheupe cha ardhi mbele ya ofisi ya mtaa. Wazazi waling'oa miiba yake kwa majembe. Chekechea yenyewe ilikuwa stoo ya ofisi hiyo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mazengo.

Ndiye aliyetokea kibandani kwa Swaumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Leo jioni tuna mgeni mkubwa. Walete watoto wamchezee."

"Na lile ombi letu la kuachiwa uwanja?"

"Akiwaona wanavyopendeza, utaomba nini tena?" Mazengo alichukua andazi, akaondoka akitafuna.

Basi watoto wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, hata wasiooga Jumapili wakaoga. Jioni upepo wa Dodoma ukawarudishia vumbi lote. Akina mama walijaa mpaka barazani kwa jirani. Restuta naye alichomeka mkia wake mwekundu wa urefa.

Stanley, bwana michezo wa kata, aliwatazama wakipasha misuli, akakunja uso.

"Mwalimu, mbona hawaangushani?"

"Wana miaka minne, Bwana Stanley."

"Hii si raga, hii ni kombolela. Mgeni anataka mshikemshike. Waambie wakabane."

"Mama zao wamenikabidhi wakiwa wazima."

"Na ile stoo umekabidhiwa na nani?"

Restuta aliinama kukaza mkia wa Naima. Gari la mgeni liliingia, vigelegele vikapasuka. Ndipo Swaumu alipomvuta khanga.

"Shoga, mbona wamefunga utepe kwenye mstari wenu wa goli?"

Nyuma ya utepe palisimamishwa bango, na upepo ulikuwa umeinua shuka lililolifunika. MAEGESHO YA MALORI. Barabarani malori yalikwishajipanga, injini zikinguruma.

Restuta alimgeukia Mazengo. "Mzee, umetuita tucheze kwenye matanga yetu wenyewe?"

"Punguza sauti. Wachezeshe. Chumba si bado unakihitaji?"

Watu wote walikuwa wakimwangalia yeye. Alipuliza filimbi.

Watoto wakacheza vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lililouma. Walikimbia wakitoa ndimi nje, wakavutana mikia, wakarudishiana, wakasema "asante" kama walivyofundishwa. Hakuna aliyeangushwa. Mgeni alipiga makofi, akasema watoto ndio taifa la kesho, akakata utepe. Lori la kwanza likageuza pua kuingia.

"Imetosha! Tokeni!" Stanley alikimbilia katikati, na kwa haraka zake akaanza kuwachomoa watoto mikia, mmoja baada ya mwingine, akiisokomeza mfukoni.

Wakakaa chini. Naima kwanza, kisha aliyefuata, kisha wote, pale pale walipokuwa, mikono magotini.

Lori likasimama. Honi ikalia.

"Wanafanya nini hawa?" aliuliza mgeni.

"Wanasubiri arudishe mikia!" alipaza sauti Swaumu. Akina mama wakaangua kicheko, lakini hakuna aliyekwenda kumnyanyua wake.

"Mwalimu, waamshe!" Stanley alikuwa akitoa jasho. "Neno moja tu!"

Kweli lilikuwa neno moja. Restuta aliutazama mlango wa stoo, ulioachwa wazi, ubao ukiwa bado na herufi za asubuhi. Akiwaamsha watoto, kesho wangekuwa na chumba bila uwanja. Asipowaamsha, mgambo wangewabeba tu, na kesho wasingekuwa na hata kimoja.

Alichomoa mkia wake mwekundu, akamwekea Stanley mkononi, akaketi vumbini kando ya Naima.

"Mwalimu, na wewe wamekunyang'anya?"

"Na mimi, mama."

Mazengo hakufoka. Alivuka uwanja taratibu, akiwakwepa watoto mmoja mmoja, mpaka kwenye stoo. Wote walisikia kufuli likibana.

Naima akageuza shingo. "Tuinuke?"

"Bado," alisema Restuta. "Hatujarudishiwa."