Tanuri Lililopimwa kwa Walaji

Khushvakt aliona miguu tu. Miguu ya mke wake, iko juu, inapiga hewa kama ya kuku aliyeshikwa vibaya, na ndoo inabingirika uani. Kichwa na mabega vimo ndani ya tanuri, lile la udongo lenye mdomo juu, ambamo mikate hubandikwa ukutani.

Akatupa mzigo wa mabua ya pamba, akamvuta kiunoni kwa nguvu zote. Nozanin akatoka anafuka moshi. Nyusi hakuna. Nywele za mbele zimejikunja, zinanuka. Mkono wa kulia umebabuka mpaka kwenye kiwiko, na bado ameukumbatia ule mto wa kubandikia mikate.

"Ndoo imeteleza," akasema, meno yakigongana. "Mkate wa mwisho haukufika ukutani mwa tanuri."

Khushvakt akamkalisha chini kwanza. Bonde zima la Hisor lilimjua kwa kuropoka, lakini safari hii mikono ilitangulia mdomo.

Mama yake, Oyjamol, akaja na birika la maji, akaanza kummwagia mkwewe polepole. "Kila bibi harusi huungua. Atazoea. Mimi nilizoea."

"Azoee kuchomwa? Mama, tanuri linamfika kifuani! Kila siku anapanda ndoo kama mwizi wa matunda!"

"Ni tanuri la bibi yako."

"Bibi alikuwa mlingoti! Huyu hata na mbuzi wetu wanatazamana uso kwa uso."

"Ahsante sana, mume wangu," Nozanin akasema huku analia.

"Acheni kelele. We, shika birika hili." Oyjamol akampa mwanawe birika, na mkono wa gauni lake, ulioloa chepechepe, akaupandisha bila kufikiri.

Khushvakt akaduwaa. Makovu. Yamepandana, mengine meupe, mengine ya zambarau, kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka yanapopotelea kwapani. Mama huyu alivaa mikono mirefu hata ule mwezi ambao matikiti hupasuka shambani kwa joto. Mwanawe alidhani anaona haya tu. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mikono ya mama yake.

"Mama. Nini hii?"

Mama akaivuta nguo chini. Kachelewa. "Ni mkate," akasema. "Mkate uliokula ukakua."

"Kwa hiyo na wewe ulianguka?" Nozanin akauliza.

"Si mara moja. Nilianguka hata na mimba."

"Mimba yangu?" Khushvakt akadakia.

"Si yako. Ile iliyokutangulia."

Khushvakt akakaa chini kwenye tope la maji yaliyomwagwa. Maisha yake yote aliitwa kifungua mimba.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Fundi wa tanuri akija anauliza nini? 'Nyumba hii inalisha watu wangapi?' Basi. Anapima kwa walaji. Anayepika hata hatazamwi."

Khushvakt akainuka, akachukua jembe.

"Ngoja!" mama akamkemea. "Mna mikate humo."

Oyjamol akaibandua mmoja mmoja, akaipanga kitambaani, nyuso juu, maana katika nyumba ile mkate haulazwi kifudifudi. Ule wa Nozanin ulioangukia kwenye makaa akauopoa na koleo, mweusi tititi, akauweka pamoja na wenzake. Kisha akamnyang'anya mwanawe jembe.

Pigo la kwanza likapasua mdomo wa tanuri. Joto likawapiga usoni wote watatu. Akapiga tena, na tena, mpaka majivu yakamjaa nyweleni.

Alipochoka akachota tope, akamsimamisha Nozanin, akabonyeza kidole gumba kwenye gauni lake, chini kidogo ya kiuno. "Fundi akija mwonyeshe hapa. Mdomo wa tanuri uishie hapa. Walaji atawahesabu baadaye."

Nozanin naye akachota tope kwa mkono mzima. "Na wewe, mama? Wewe mfupi kuliko mimi. Wako uishie wapi?"

Oyjamol akainamisha kichwa, akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, kama mtu aliyekabidhiwa mwili ule sasa hivi.